Mpinzani Hachezi Peke Yake: Kwa Vijana Wanaoanza Kusoma Mechi Tanga

Wadogo zangu mnaokuja na madaftari mapya kuomba kufundishwa kusoma mechi, nianze na ripoti mnazotuletea. Kijana akitumwa kutazama timu tutakayokutana nayo wiki ijayo, anarudi na ukurasa uliojaa: wanacheza 4-3-3, winga wao wa kushoto ana mbio, beki namba tano mzito kugeuka, kipa anaogopa krosi, kiungo mkabaji mtu wa fujo. Yote huwa kweli. Mwalimu anaisoma, anashukuru, anaikunja mfukoni, na siku ya mechi timu inacheza kana kwamba hakuna aliyetumwa kokote.

Kinachokosekana humo ni mtu wa pili. Winga ana mbio mbele ya nani? Ukimtazama vizuri utakuta mbio zake zinatoka pale beki anapomvaa na kumwachia nafasi mgongoni. Beki akisimama hatua tatu nyuma, winga huyo huyo anasita, anarudisha mpira kwa kiungo, na jukwaa zima linashangaa mbona leo kapoa. Hajapoa. Kapewa swali jingine. Kuandika tabia za mpinzani bila kuandika alikuwa anajibu nini ni sawa na kumsikiliza mtu anayeongea na simu: unasikia "ndiyo", "hapana", "kesho", na hujui kaulizwa nini.

Kwa hiyo sentensi mnayopaswa kujifunza kuiandika ina pande mbili kila mara. "Beki akimvaa, anapita nyuma yake; beki akimpa nafasi, anarudisha." Hiyo mwalimu anaweza kuifanyia mazoezi Jumanne. "Ana mbio" haifanyiwi mazoezi.

Daftari lenyewe

Ukurasa wangu una safu tano: dakika, matokeo kwa wakati huo, sisi tulifanya nini, wao wakajibu nini, sisi tukafanya nini baada ya jibu lao. Safu ya mwisho ndiyo wageni wa kazi hii huiruka, na ndiyo yenye mali, kwa sababu mchezo hauishii kwenye jibu la kwanza.

Tuseme tunaanza na kipa wetu. Beki wetu wa kati wa kulia anapokea. Straika wao anamjia kwa kupinda, akimfungia njia ya kumrudishia beki mwenzake. Beki wetu anakosa pa kutoa, anabutua mbele. Mstari huo ukijirudia kipindi kizima, umeshajua kitu ambacho maneno "wanakabia juu" hayakwambii: wanamwachia makusudi beki wa kulia apokee, ndipo waende. Na ukishajua hivyo, geuza macho. Straika akipinda namna ile, kiungo wetu mkabaji anabaki mgongoni kwake, bure, kwa muda mfupi, isipokuwa namba kumi wao apande kumchukua. Je, anapanda? Akipanda, nani anabaki nyuma yake? Hayo yote ni mstari mmoja wa daftari, na unaweza kukulisha wiki nzima.

Usijaribu kuandika kila kitu. Chagua hali moja kwa mechi nzima na uifuate mpaka filimbi ya mwisho. Mimi hupenda kuwaanzisha watu kwenye mipira ya kurusha. Iko mingi kila mechi, mchezo umesimama kwa hiyo una muda wa kuona nani kasimama wapi, na timu nyingi hazijiandai nayo kabisa. Tena kuna sheria inayobadilisha mambo: mpira unaotoka moja kwa moja kwenye mikono ya mrushaji hauna kuotea. Mstari wa mabeki wanaotegemea kuotea hauwasaidii hapo, kwa hiyo lazima wamchague mtu wa kumfuata. Wanamchagua nani? Nani anaachwa? Anayerusha naye anamtazama nani kwanza, hata kabla hajaushika mpira?

Mahali pa kukaa pana uzito kuliko mnavyodhani. Pale uwanja wa Mkwakwani kila kijana anataka kusimama karibu na benchi la ufundi, asikie mwalimu anavyofoka. Ukiwa chini unaona miguu na unasikia matusi. Panda juu jukwaani. Huko ndiko nafasi kati ya mtu na mtu zinakoonekana. Ukirekodi kwa simu, iweke mahali imara, ipate upana wa uwanja, na uiache. Usiufuate mpira nayo. Picha za televisheni hufuata mpira, na nusu ya majibu ya mpinzani hutokea mahali ambapo mpira haupo.

Nenda kwanza kwenye netiboli

Mpira wa miguu una watu 22 na uwanja mkubwa, na macho ya mgeni huzama. Ndiyo maana mimi vijana wangu huwatuma kwanza kwenye netiboli, na wengi hununa, kana kwamba nimewashusha daraja. Fikirieni kidogo. Kila upande una watu saba. Kila mchezaji ana eneo lake lililoandikwa kwa herufi kifuani na haruhusiwi kutoka nje ya eneo hilo. Aliyeshika mpira hakimbii nao, na ana sekunde 3 tu za kuutoa. Anayemzuia lazima awe mbali naye sentimita 90. Na pasi ya katikati hupokezanwa kati ya timu mbili, hata awe nani aliyefunga. Maana yake mechi moja inakupa mianzo mingi sana inayofanana, watu wale wale, mahali pale pale, na unaweza kuona jinsi jibu la leo linavyotofautiana na la dakika tano zilizopita.

Tazama jozi moja tu, GA wa timu hii, mmoja wa wafungaji wake, na GD wa timu ile, beki anayemkaba. GA anakimbia mbele kupokea, au anaanza kwa kurudi nyuma kisha anakata mbele? GD anakaa mbele yake au ubavuni? Baada ya GD kuunasa mpira mara moja, GA anabadilisha nini kwenye pasi inayofuata? Mwenye kuweza kulijibu swali hilo la mwisho ameanza kusoma mechi. Wengine bado wanatazama.

Ngumi nazo zinafundisha, kwa kuwa pale hakuna pa kujificha. Tanga ndiko alikotoka Hassan Mwakinyo, aliyekwenda Birmingham Septemba 2018 na kummaliza Sam Eggington raundi ya 2, mbele ya watu waliokwenda kumwona Mwingereza wao akishinda. Asiyesomwa ana faida yake, hilo tuliweke akilini. Lakini ninachotaka mkione kwenye ulingo ni miguu. Mabondia wawili wa mkono wa kulia wakikutana, wote wametanguliza mguu wa kushoto, na miguu yao ya mbele inapishana. Akija wa mkono wa kushoto, miguu ya mbele inaelekeana, na pambano zima linageuka kuwa kugombea nani ataweka mguu wake nje ya mguu wa mwenzake, maana aliye nje ndiye mwenye njia ya ngumi iliyonyooka. Bondia uliyemwona akiwatesa watu wa mkono wa kulia atakuonekea mtu mwingine kabisa siku hiyo. Ripoti iliyosema "ana ngumi ya kulia kali" haikudanganya. Ilisahau kusema kali mbele ya nani.

Na drafti, ukipata nafasi. Vijiwe vya Ngamiani havikosi wazee wawili waliochezeana miaka. Msalimie kwanza, na usiulize mchezo ukiwa katikati. Ukiisha, muulize yule aliyeshinda kwa nini alisogeza kete fulani. Mara nyingi jibu lake litamtaja mwenzake kabla halijautaja ubao.

Hesabu na yale ambayo hayakuzaa goli

Kosa la zamani kuliko yote katika kazi hii lilifanywa na mtu makini sana. Charles Reep alikuwa mhasibu katika jeshi la anga la Uingereza. Machi 1950, akiwa jukwaani Swindon, alitoa daftari na kuanza kuandika mashambulizi moja moja, na akaendelea hivyo kwa miaka mingi. Mwaka 1968, pamoja na Bernard Benjamin, alichapisha hesabu zake: magoli mengi sana yalitokana na mashambulizi ya pasi tatu au pungufu. Watu wakahitimisha kwamba mpira mrefu ndio dawa, na England ililishwa fikra hiyo kwa vizazi.

Shida ni kwamba mashambulizi ya pasi chache ndiyo mengi kwenye mpira, yawe yamezaa au hayakuzaa. Timu hupoteza mpira mapema, ndivyo mchezo ulivyo. Mwaka 2005 Mike Hughes na Ian Franks walirudi kwenye takwimu za Kombe la Dunia la 1990 na 1994, wakagawanya magoli kwa idadi ya mashambulizi ya kila aina, na kwa timu zilizofanya vizuri picha ikageuka: mlolongo mrefu wa pasi ulizaa zaidi kwa kila mara ulipojaribiwa.

Huku kwetu kosa hilo linakuja kwa sura ndogo ndogo. "Jihadharini, wanafunga kwa kona." Sawa, wamefunga matatu kwa kona. Walipiga ngapi? Ngapi zilikuwa fupi, ngapi zilikwenda nguzo ya kwanza? Na waliofungwa walikuwa wanakaba mtu kwa mtu au eneo? Kama magoli yote matatu yalipatikana dhidi ya timu zinazokaba mtu kwa mtu, na sisi tunakaba eneo, umetuletea habari ya watu wengine. Kila unapoandika "walifanya hivi, wakafunga", jilazimishe kutafuta kwenye kurasa zako mara ngapi walifanya hivyo hivyo na hakikutokea kitu.

Yaliyo juu ya ukurasa

Kabla ya filimbi ya kwanza, andika juu ya ukurasa: uwanja, saa, hali ya hewa, nani nyumbani, na kila timu inahitaji nini siku hiyo. Timu inayohitaji sare haijibu kama inayohitaji pointi tatu.

Matokeo ndiyo makubwa kuliko yote. Mpira unaochezwa 0-0 na ule unaochezwa timu ikiongoza 1-0 ni michezo miwili, hata kama jezi ni zile zile. Chukueni fainali ya Kombe la Shirikisho ya 2022 kule Arusha, Coastal Union na Yanga, iliyokwisha 3-3 baada ya dakika 120 na Wagosi wa Kaya, yaani Coastal yetu, wakapoteza kwa penalti. Najua inauma kuitazama tena. Itazameni hata hivyo, na mkiitazama msijumlishe dakika zote kwenye kapu moja. Igaweni: tulipokuwa sawa, tulipoongoza, waliposawazisha. Angalieni mabeki wa pembeni wa Yanga walikuwa wanasimama wapi kila hali ilipobadilika, na viungo wetu walirudi hatua ngapi. Hapo mtaona kwamba "Yanga wanashambulia pembeni" ni sentensi isiyo na kichwa mpaka useme matokeo yalikuwaje wakati huo.

Hewa msiidharau, sisi ni watu wa pwani. Mechi ya saa 10 jioni wakati wa kaskazi, jua bado kali, timu iliyokabia juu dakika ishirini za mwanzo mara nyingi haiwezi kuendelea, na ukiandika tu "walikabia chini kipindi cha pili" mwalimu atadhani ni mbinu. Kusi likivuma, mpira wa juu hauendi ulikotumwa, na kipa aliyekuwa anapiga mrefu kipindi cha kwanza anaanza kupiga mfupi baada ya kubadilisha magoli. Masika uwanja unakuwa mzito. Refa naye ana sehemu yake: akiachia mikwaruzo miwili mitatu mwanzoni, viungo wakabaji wa pande zote wanasogea karibu zaidi. Andika, pita.

Panapovunjika

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo kazi ilipo.

Watafiti wa michezo wamepima kwa kamera jambo ambalo wewe unaweza kuliona kwa macho ukiwa juu jukwaani: timu mbili husogea pamoja. Tukipanda, wao wanashuka. Tukirudi, wao wanapanda. Ukichora nukta moja katikati ya wachezaji wetu na nyingine katikati ya wachezaji wao, nukta hizo zitafuatana kwenda na kurudi karibu mechi nzima. Kwenye skwoshi, Tim McGarry na wenzake waliona hali hiyo kwa watu wawili tu: huyu anarudi katikati ya uwanja, yule anatoka kwenda kupiga, wanapishana kwa mwendo mmoja, hadi pigo moja zuri sana au bovu sana liuharibu mwendo. Kuanzia hapo mmoja yuko nyuma ya wakati. Anakimbilia kila mpira akiwa amechelewa, na pointi imeshaamuliwa kabla haijapatikana.

Sehemu kubwa ya mechi ni ule mwendo wa pamoja. Hauna habari. Mgeni huandika dakika hizo kwa bidii, anachoka, halafu kinapotokea kitu yuko anageuza ukurasa. Acha mwendo upite. Kaa ukingoje panapovunjika: beki wa pembeni aliyetoka na beki wa kati asimfuate, kiungo aliyegeuka kumfokea mwenzake huku mtu wake anaondoka, mstari wa ulinzi uliopanda watu watatu na wa nne akabaki. Ukikiona, usishangilie na usilaumu. Rudi nyuma pasi mbili, tatu. Nani alimvuta yule beki? Mara nyingi ni mtu ambaye hakugusa mpira hata kidogo. Alikimbia kuelekea kwenye mstari, beki akamfuata kwa mazoea, mlango ukafunguka nyuma yao, na mwingine akapita.

Hapo unaandika jozi: "Winga wetu akikimbia mstarini bila mpira, namba mbili wao anamfuata mpaka mwisho; beki wao wa kati hasogei." Hili ni la kufanyia mazoezi, kwa sababu linamtaja wa kwetu wa kulianzisha na wa kwao wa kulijibu.

Tena usingoje goli ndipo uandike. Magoli ni machache, ukiyategemea utamaliza msimu na kurasa tupu. Ulinzi huvunjika mara nyingi na mara nyingi haiwi kitu: pasi ya mwisho ni mbovu, straika yuko mbali, kipa anatoka vizuri. Kwako wewe hilo ni sawa na goli. Liandike kwa wino ule ule.

Jambo la kuangalia zaidi ni kama linavunjika kwa sababu yetu au kwa sababu yao. Kuna timu ambazo mstari wao hupasuka dakika za mwisho mbele ya yeyote. Kuna nyingine hupasuka tu mbele ya timu yenye mawinga wanaobaki pembeni kabisa. Huwezi kujua kwa kutazama mechi moja. Ndiyo maana ukitumwa kumtazama mpinzani, omba utazame mechi zake mbili dhidi ya watu wasiofanana. Kilichobaki vile vile katika zote mbili ni chake. Kilichobadilika, nusu yake ni cha waliokutana nao.

Naye anakusoma

Hadi hapa nimeongea kana kwamba mpinzani atakaa atulie wakati anasomwa. Hatulii. Anaposomwa anabadilika, na wewe ukimsoma unaacha alama naye anazisoma.

Penalti inaonyesha hilo kwa uwazi kuliko hali yoyote. Mpira uko mita 11, unafika golini chini ya nusu sekunde, kipa hawezi kungoja auone unakokwenda kisha aruke. Lazima achague. Mpigaji akipenda upande mmoja siku zote, kipa atauziba. Akichanganya kwa mpango, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kipa ataujua mpango. Mchumi Ignacio Palacios-Huerta alikusanya penalti 1,417 za ligi za Ulaya na kuonyesha kwamba wapigaji wakubwa huchanganya vizuri mno: nafasi yao ya kufunga ni karibu ile ile upande wowote wanaopiga, na penalti iliyopita haikusaidii kuijua inayofuata. Kwa hiyo ukimwambia kipa wetu "amepiga kulia mara tatu, sasa atahamia kushoto", umempa uaguzi.

Lakini si kila mpigaji ni wa daraja hilo. Kwenye ligi zetu za mkoa na ndondo, mazoea yapo, hasa miguu ikishachoka. Andika mpigaji alianza kukimbia kutoka wapi, na zaidi ya hapo, andika kama anamngoja kipa. Wapo wanaomtazama kipa mpaka hatua ya mwisho na kupiga alikotoka. Kwa mtu huyo anayepaswa kubadilika ni kipa wetu, asimame mpaka sekunde ya mwisho kabisa. Wapo wasiomtazama hata kidogo. Hiyo ndiyo habari, na inahusu watu wawili.

Juni 30, 2006, kule Berlin, Ujerumani na Argentina walikwenda kwenye penalti, na kipa Jens Lehmann alikuwa na kikaratasi kwenye soksi chenye majina ya wapigaji na pande zao. Esteban Cambiasso alipofika kwenye mpira, jina lake halikuwemo. Lehmann akakitoa kikaratasi, akakisoma kwa utulivu kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta, akakirudisha, akapangua. Ujerumani wakashinda 4-2. Cambiasso alikuwa anakitazama kile kikaratasi. Yaliyoandikwa hayakuwa na kazi tena; kazi ilifanywa na kuonekana kinasomwa. Hapa kwetu Mkwakwani, Agosti 2023, Ngao ya Jamii iliamuliwa hivyo hivyo kwa penalti, Simba na Yanga baada ya 0-0, na kipa wa Simba, Ally Salim, akapangua tatu. Waliokuwepo jukwaani wanakumbuka mikono yake. Ukiipata video yake, tazama miguu: lini inaanza kwenda, na mpigaji amefika hatua ya ngapi.

Kwenye mchezo wa kawaida mambo ni yale yale, polepole zaidi. Ukipata mlango upande wao wa kulia na ukaupita mara tatu, benchi lao litauona. Wapo walimu wanaopenda kuuficha mlango kama huo mpaka kipindi cha pili. Mimi sioni faida. Goli la dakika ya 12 linamlazimisha mwenzako akujibu, na akijibu anafungua pengine. Kazi ya msoma mechi ni kuwa ameshafikiria atafungua wapi: akimrudisha winga wake kumsaidia namba mbili, nani sasa yuko huru upande wa pili? Hilo lifikirie Alhamisi, usingoje wakati watu wanashangilia.

Mechi ya watani wa jadi wa Tanga inahitaji tahadhari yake. African Sports ni ya 1936, Coastal ni ya 1948, na kila upande umejaa watu waliochezeana tangu utotoni. Wanajuana mno. Mtu anaficha anachokifanya kila wiki kwa sababu anajua anayemkabili anakijua. Ripoti ya mechi tatu zilizopita inaweza kukupoteza siku hiyo. Tazama dakika kumi na tano za mwanzo kwa macho mapya na uziamini kuliko daftari.

Kumpa mwalimu

Msimpe mwalimu daftari. Mpeni mambo matatu, na kila jambo liwe na wa kwetu na wa kwao ndani yake. Akitaka la nne atauliza. Mkizidisha, atachagua yeye lipi la kusoma, na atachagua lile linalokubaliana na alichokuwa anakiamini tayari; walimu ni binadamu. Na kama hakukubaliana nawe, usibishane naye mbele ya wachezaji. Ngoja mpaka abaki peke yake, mwonyeshe kipande cha video, sema "mwalimu, hebu tazama hapa", kisha nyamaza.

Mapumziko yana dakika 15, na wewe hutapata hata mbili. Wachezaji wanakunywa maji, daktari anafunga bandeji, mwalimu ana hasira au ana furaha, na vyote viwili vinaziba masikio. Uwe na sentensi moja tayari kabla hujashuka ngazi. "Namba tatu wao anapanda kila tukimpa winga mpira mguuni, apewe nyuma yake." Basi. Ukianza na "nilivyokuwa naangalia, naona kwa ujumla", mlango utafungwa ukiwa bado unavuta pumzi.

Baada ya mechi, kabla hujaondoka uwanjani, pitia mistari yako na weka alama kwenye ile ambayo mpinzani aliibadilisha kipindi cha pili. Andika pembeni alibadilisha dakika ya ngapi na baada ya sisi kufanya nini. Kurasa hizo zitunze mahali pasipoingia maji. Mzunguko wa pili tutakutana nao tena, kwao, wakiwa na kumbukumbu zao, na kitu cha kwanza nitakachokuomba ni huo ukurasa wenye alama.